Maswali ya Wasomaji: Kupiga Kambi kwa RV Kisiwani Padre

Swali: Ndugu Mhariri, sisi ni familia ya watu sita, baba, mama na watoto wanne, na tunaishi Fort Worth, Texas. Shule zikifungwa tunataka kukodi RV, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, twende tukapige kambi katika kisiwa cha Padre mwezi Juni. Mimi nimekulia Tanga, na naona haya kuwa watoto wangu hawajapata kukanyaga maji ya bahari. Jamaa mwenye gari anasema lina nafasi ya kulala watu wanane na kwamba tukifika tutaliegesha mchangani popote tupendapo. Anataka arubuni wiki hii. Je, tumpe? *Msomaji, Fort Worth.*

Jibu: Ndugu msomaji, arubuni isubiri kwanza. Katika safari ya namna hii mahali pa kulala hutafutwa kabla ya gari, na kwa mwezi mliouchagua, mahali hapo panaamuliwa na umeme.

Mwezi Juni pwani ya kusini mwa Texas ina joto na unyevu hata usiku, na RV isiyo na kiyoyozi kinachofanya kazi hailaliki, hasa kwa watu sita. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Padre Island kuna kambi ya Malaquite, iliyo karibu na maji kiasi cha kusikia mawimbi mkiwa vitandani, lakini haina umeme wa kuchomeka, na usiku jenereta hairuhusiwi kuwashwa. Nafasi zake hazishikwi mapema, anayetangulia ndiye apataye. Kwa hiyo mtu anayeendesha zaidi ya kilomita 650 kutoka Fort Worth siku ya Ijumaa anaweza kufika jioni na kukuta pamejaa. Mwezi Novemba au Machi ningewapeleka huko bila kusita. Kwa Juni, tafuteni nafasi katika hifadhi ya jimbo ya Mustang Island, kisiwa kinachopakana na Padre upande wa kaskazini, ambako kuna umeme na maji kwenye kila nafasi ya RV. Hifadhi za jimbo la Texas hupokea maombi ya kulala hadi miezi 5 kabla ya tarehe, maana yake nafasi za Juni huanza kuchukuliwa Januari, na za mwisho wa wiki ndizo zinazokwisha mwanzo. Mkipata siku za katikati ya wiki, zichukueni.

Kuhusu kuegesha mchangani, jamaa yenu hakusema uongo mtupu. Kwa sheria ya Texas ufukwe ni njia ya umma, na ndani ya hifadhi ya taifa gari lenye usajili linaweza kwenda karibu maili 60 juu ya mchanga. Hata hivyo, ni maili 5 za mwanzo tu ambazo gari la kawaida hupita bila taabu kubwa. Zaidi ya hapo panahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Wapo wenye RV zao wanaolala katika maili hizo za mwanzo, nao hawavunji sheria. Ninyi lakini gari si lenu. Mikataba mingi ya kukodi RV hukataza kutoka kwenye barabara ya lami, na gari likizama mchangani maji yakiwa yanajaa, bima haitamlipa mtu aliyevunja mkataba, wala gharama ya kulivuta haitakuwa ya mwenye gari. Mwambieni aandike hilo neno lake la “popote” ndani ya mkataba, kisha mtazameni atakavyojibu.

Jambo la pili la kumwuliza ni mikanda. Vitanda vya watu wanane havina maana ya mikanda minane, na RV nyingi zina viti vya kukaa ubavu ambavyo havifai kufungiwa kiti cha mtoto. Texas inataka mtoto aliye chini ya miaka 8 awe katika kiti chake cha usalama, isipokuwa awe amezidi futi 4 na inchi 9 kwa urefu. Nendeni na viti vya watoto wenu, mvifunge humo garini mbele ya mwenyewe kabla ya kutoa hata dola moja.

Mafuta nayo yaingie kwenye hesabu: RV ya ukubwa huo huenda maili 8 hadi 10 kwa galoni, kwa hiyo kwenda na kurudi tu kutamaliza galoni 80 hadi 100. Maji ya choo na ya kunawia hukaa katika matangi mawili tofauti, na kwenye kituo cha maji taka humwagwa kwanza la choo, kisha la kunawia ili maji yake yasafishe bomba. Watu sita hulijaza tangi la choo upesi kuliko mnavyodhani, kwa hiyo tumieni vyoo vya kambi kila mnapoweza.

Juni ina zawadi yake. Kuanzia katikati ya mwezi huo hadi Agosti, hifadhi ya taifa huachia baharini vitoto vya kasa wa aina ya Kemp's ridley, kasa walio hatarini zaidi kutoweka duniani, na baadhi ya siku watu hualikwa kutazama alfajiri katika ufukwe wa Malaquite bila malipo ya ziada. Siku haipangwi mapema, kwa sababu mayai huanguliwa kwa wakati wake. Hutangazwa kwa simu maalumu ya hifadhi. Kutoka Mustang mtaamka gizani, mkunje kila kitu na kuondoka na nyumba yenu, jambo linalochosha. Kama kuna ndugu anayeweza kuwafuata na gari dogo, mwombeni. Ufukwe huo hauna waokoaji, mikondo yake huvuta watu kilindini, na konyeza wa buluu wanaotupwa mchangani huuma hata wakiwa wamekufa.

Msimu wa vimbunga huanza Juni 1, na kimbunga Hanna kilitua kisiwani Padre Julai 25, 2020. Njia za kutoka visiwani ni chache, kwa hiyo mkisikia onyo, ondokeni siku hiyo hiyo.

Swali: Tunataka kulala Corpus Christi, mji ulio karibu na upande wa kaskazini wa kisiwa cha Padre, kisha tuendelee kwa ufukwe hadi mji wa South Padre Island. Inawezekana? *Msomaji, Houston.*

Jibu: Haiwezekani. Mfereji wa Port Mansfield umekikata kisiwa cha Padre, na barabara ya Corpus Christi iitwayo South Padre Island Drive haifiki katika mji huo. Mtazunguka bara kwa barabara kuu ya 77, safari ya karibu saa tatu. Wakati wa kurudi kaskazini kuna kizuizi cha askari wa mpakani karibu na Sarita, na kila gari husimamishwa. Mwenye green card, yaani kadi ya ukazi wa kudumu, aliyefikisha miaka 18 anatakiwa na sheria kuwa nayo mkononi. Ambaye kesi yake ya ukimbizi haijakwisha azungumze na wakili wake kabla ya kushuka kusini ya hapo.