Coco de mer bila cheti USINUNUE mkuu, hata akikupa kwa robo bei

Mleta uzi, acha. Pale ulipoandika kwamba kuna jamaa kakuambia nje ya soko la Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, utapata coco de mer, ile nazi kubwa ya kule, kwa nusu bei na "makaratasi sio lazima" nimeshindwa kuendelea kusoma, nimerudi kumalizia swali lako baadaye kabisa. Usinunue. Kama umeshamtumia hela ya kishika nafasi mdai leo hii, akikataa hesabu imeenda na uachane naye, kwa sababu hicho ndicho kipande kidogo cha hasara, kikubwa kinakusubiri uwanja wa ndege.

Najua umeuliza mengi. Mnaenda Shelisheli wewe na shemeji, mnataka Jumamosi asubuhi mlione hilo soko la Victoria, kisiwani Mahé, mnunue nini, mle wapi, mbebe hela kiasi gani, basi au teksi, na hiyo nazi ya kumpelekea baba mkwe. Mimi naanza na nazi na sina uhakika kama nitafika kwenye mengine.

Mimi nilitaka ya mzee wangu. Mzee alikuwa baharia, na tangu tukiwa wadogo anatusimulia kwamba mabaharia wa zamani walikuwa wanaziokota zinaelea baharini, zingine zinafika mpaka Maldivi, na hakuna aliyejua zinatoka wapi mpaka mti wenyewe ulipoonekana kisiwa cha Praslin mwaka 1768. Watu waliamini mti unaota chini ya bahari. Sasa mzee kama huyo unaenda Shelisheli unarudi na kofia? Kuna na jamaa wa ofisini akasikia, akanipa hela yake nimletee ya kwake. Kumbukeni hiyo hela ya watu, tutairudia.

Jumamosi nikaenda sokoni na Mbongo mwenzetu anayefanya kazi hotelini kule, ndiye aliyejitolea kunitembeza, na ndiye mtu ninayemuandikia huu uzi kwa hasira mpaka leo. Ghorofa ya juu pale sokoni kuna maduka ya zawadi, na mjini kuna maduka mengine yenye coco de mer zimepangwa vizuri, zimesuguliwa zinang'aa, kila moja ina stika yenye namba na cheti chake. Bei nikaiona nikashtuka, ni mamia ya dola. Nilikuwa tayari kulipa moja, nawaambia ukweli. Jamaa akanivuta mkono, akanambia kaka hiyo bei ya wazungu, njoo nikupeleke kwa watu wangu.

Tukazunguka vichochoro nyuma ya soko, kuna gari limepaki, buti likafunguliwa, ndani gunia. Mbili nzuri kabisa, zimeshatolewa kiini, zimesuguliwa, na moja ina kabisa stika imebandikwa. Nikauliza cheti kiko wapi. Muuzaji anamwangalia mwenzetu, mwenzetu ananiangalia mimi, halafu akasema maneno ambayo nataka kila mtu humu ayakariri: "kule eapoti hawakagui, wewe zungushia nguo tu." Nikaandikiwa risiti ya mkono kwenye karatasi ya daftari. Nikatoa hela, zote mbili zaidi ya dola 400, na hiyo ndiyo ilikuwa "nusu bei".

Siku ya kuondoka, begi limepita kwenye mashine, likarudishwa nyuma, likapita tena. Mkuu, ile nazi ina umbo ambalo halifichiki hata uizungushie blanketi, duniani hakuna kitu kingine chenye umbo lile, inafanana na nyonga za mwanamke, wote mnajua. Dada wa pale alikuwa na adabu sana, hakunigombeza, akaniuliza kitu kimoja tu, cheti. Nikatoa ile karatasi ya daftari. Akaisoma yote mpaka chini, akanirudishia. Hajacheka, na afadhali angecheka. Nikapelekwa chumba cha pembeni, maelezo nikaandika, nani kaniuzia, wapi, gari gani, huku nasikia ndege ya Nairobi inaita abiria. Nikaonyesha ile stika kwenye moja nikidhani itanisaidia, kumbe ndiyo inazidisha maswali, stika ina namba na cheti cha namba hiyo hakipo, sasa imetoka wapi? Imebanduliwa kwenye nazi gani? Mimi nitajuaje!

Nazi zikabaki, zote mbili. Nikaonywa kwamba mtu anaweza kushtakiwa kwa hilo na nikaachiwa niwahi ndege. Nimefika Dar sina zawadi ya mzee, na ile hela ya jamaa wa ofisini nimeirudisha kutoka mfukoni mwangu kwa mafungu, maana yeye hahusiki na gunia langu.

Nikampigia yule mwenzetu. Hakupokea. Nikamuandikia, tiki za bluu. Kesho yake ananijibu, "pole kaka, bahati mbaya tu, wengine huwa wanapita." WENGINE WANAPITA. Yaani unajua kabisa kuna wanaokamatwa, unamuacha ndugu yako wa Bongo aingie kichwa kichwa, na kamisheni yako umeshakula! Mtu wa namna hii angekuwa nahodha angewauzia abiria maboya meli ikishaanza kuzama. Na wale wa YouTube nao, wanaoonyesha nazi wanaibusu mbele ya kamera halafu hawasemi hata sentensi moja kuhusu cheti, nao wana sehemu yao. Nilitazama video zao nyingi kabla sijasafiri, naelewa sasa kwa nini hawasemi, wengi wao hawajawahi kuinunua, wameazima ya dukani wapigie picha.

Sasa usije ukafikiri wale watu wa uwanja wa ndege ni wakorofi, hapana, mimi nimeshasoma baadaye na nimewaelewa. Huu mti unaota wenyewe porini kwenye visiwa viwili tu duniani kote, Praslin na Curieuse. Viwili! Ile mbegu ndiyo kubwa kuliko zote za mimea yote, nzima inaweza kupita kilo 20, na tunda moja linakaa juu miaka 6 au 7 ndiyo likomae. Mti jike kivyake, mti dume kivyake. Ukiiba tunda moja bichi leo hulipati lingine mwakani. Na majangili wanaiba kweli, wanataka kiini cha ndani, kinakaushwa kinauzwa nje kama dawa ya sijui nguvu sijui urembo. Ndiyo maana wana sheria ya mti huu peke yake tangu 1978, kila nazi halali inahesabiwa, inapewa namba, inafuatiliwa mpaka inapotoka nchini. Kwa hiyo ile ya kwenye buti la gari karibu hakika imeibiwa msituni, na mimi nilikuwa nainunua nimpelekee mzee mwenye heshima zake akaiweke sebuleni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko dola.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na ningeomba uiandike kwenye simu: cheti kwanza, hela baadaye. Sio "cheti nitakuletea hotelini", sio "cheti kipo kwa bosi", sio picha ya cheti WhatsApp. Karatasi yenyewe mkononi mwako, namba ya kwenye karatasi unailinganisha na namba ya kwenye stika tarakimu moja moja, zikilingana ndiyo unafungua pochi. Stika peke yake haitoshi, nimekueleza yaliyonikuta. Risiti ya mkono haitoshi. Na duka liwe duka, lina mlango na leseni ukutani, litakuwepo hata wiki ijayo ukirudi kulalamika. Muuzaji wa kweli wala hakasiriki ukimuuliza, anakutolea kabla hujamaliza kuuliza, na anakueleza mwenyewe kwamba uiweke kwenye begi la mkononi pamoja na nazi ili ukiulizwa utoe hapo hapo usianze kufukua masanduku.

Kama bajeti haifiki usilazimishe. Uhamiaji wa Shelisheli wanakugongea muhuri kwenye pasipoti wenye umbo la hiyo hiyo coco de mer, bure kabisa, mimi mzee nilimuonyesha ule muhuri na akaufurahia kuliko nilivyotegemea. Au panda boti nenda Praslin, kama saa moja hivi kutoka Mahé, ingia Vallée de Mai, ule msitu ambao UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1983, uione ikiwa juu ya mti, upige picha na shemeji mpaka mchoke. Baba mkwe atapewa picha na hadithi, na wewe utarudi na amani.

Haya, soko. Jumamosi ndiyo siku yenyewe, hapo umepatia, ila usiende saa nne na nusu umeshiba chai ya hoteli, nenda asubuhi mapema. Jumapili kumefungwa usijidanganye. Samaki wanaingia wabichi, utaona wale wekundu wakubwa wanaowaita bourzwa, na kuna ndege weupe, aina ya yangeyange, wanasimama kwenye kingo za meza za samaki wanasubiri matumbo bila kuogopa mtu, shemeji atapenda. Soko lenyewe la zamani, la mwaka 1840, lilikarabatiwa 1999, na jina lake refu ni la gavana wa Kiingereza, Selwyn Selwyn-Clarke, wewe ukisema soko la Victoria wote wanakuelewa.

Viungo usihangaike navyo sana. Mdalasini wao ni mzuri, umejiotea mpaka milimani, lakini mtu unayetoka nchi yenye Unguja na Pemba unanunua karafuu Mahé kwa rupia za kigeni ili iweje? Labda vanila, na zile chupa za pilipili za kusaga, hizo chukua. Magamba ya kasa ukionyeshwa kimbia, biashara hiyo waliipiga marufuku miaka ya tisini, usije ukaepuka nazi ukaingia kwenye kasa.

Kula, tafuta vile vibanda vya kufungashiwa mjini, wanapima wali na samaki au mchuzi wa pweza wa nazi, hautauona mgeni kinywani, na mashelisheli ya kukaanga kama chipsi. Hotelini bei ni za kukutoa machozi. Hela badilisha iwe rupia. Kuhusu visa hawana, ila kibali cha kusafiri unaomba mtandaoni kabla ya kupanda ndege, na kama mnapitia Nairobi bebeni kadi ya homa ya manjano.

Basi au teksi wengine watakujibu, mimi nilikuwa kwenye gari la yule mwenzetu kwa hiyo hilo nalo alinichelewesha kulijua.

Ila mkuu nakuomba sana hilo la nazi. Jamaa yako muulize swali moja tu kabla hujasafiri, mwambie nitumie jina la duka na namba ya nazi. Akianza kukuambia kule hawakagui, mfute kwenye simu. Na ukishaingia dukani, ukapata yenye cheti, piga picha ya cheti na stika uitupie hapa kabla hujalipa. Jumamosi asubuhi nitakuwa hewani, nitalinganisha namba na wewe.