Kumlilia Mungu si kuacha kumtumaini

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, Mkristo anayevunjika moyo katika shida ameacha kumtumaini Mungu?" Jibu langu ni hapana, nami nalitoa nikiwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ulioko mlimani, juu ya mji wa Moshi, ambako tunakutana mara kwa mara na watu waliochoka kuliko wanavyothubutu kusema. Naomba mniruhusu niandike kwa kirefu kidogo, kwa sababu jibu la haraka tulilozoea kuwapa watu hao, kwamba imani yao ni haba, limewaumiza wengi na silioni katika Maandiko.

Nianze na Paulo, kwa kuwa hakuna atakayedai kwamba yeye alikuwa mchanga wa imani. Katika sura ya kwanza ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho anasimulia dhiki iliyowapata huko Asia, akisema: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Hawaombi radhi wasomaji wake kwa kuandika hivyo. Anaendelea kueleza kwamba hayo yaliwapata ili wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu, na hapo hapo anawaambia Wakorintho kwamba wao nao wanamsaidia kwa kumwombea. Kila ninapousoma mfululizo huo naona kwamba tumaini analolitaja Mtume lilianza pale nguvu zake zilipokwisha, na kwamba hata yeye alihitaji maombi ya wenzake ili asimame.

Jambo hili nililiona kwa macho katika jumuiya yetu, tulipokutana kwa sala nyumbani kwa jirani. Kiongozi aliuliza, kama ilivyo desturi, ni nani mwenye neno la shukrani. Mama mmoja, ambaye mumewe ni mgonjwa wa figo na husafishwa damu hospitalini, na ambaye alikuwa ameshauza ng'ombe kwa ajili ya matibabu hayo, alijibu akiwa ameketi: "Mimi leo sina shukrani. Namuuliza Mungu kama ananiona au hanioni." Kukawa kimya. Mmoja wetu akaanza kumkanya kwamba maneno ya namna hiyo yanampa shetani nafasi, lakini bibi mmoja mzee akamkatiza: "Mwacheni mwanangu aseme. Hasemi na sisi." Kisha akaomba isomwe Zaburi ya 13, ile inayoanza kwa kulia, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", ikasomwa yote mpaka mwisho. Baada ya sala kina mama walipanga zamu za kumkatia mbuzi wake majani siku anazoshinda hospitalini. Mumewe hajapona hadi leo naandika. Mama huyo bado anakuja jumuiyani, siku nyingine akiomba kwa sauti na siku nyingine akiwa kimya, na sijasikia mtu akimkanya tena.

Najua wapo watakaonikumbusha Waisraeli jangwani, walionung'unika wakaadhibiwa. Hoja hiyo ni ya haki na inastahili kujibiwa. Tukisoma Hesabu 14 tunaona kwamba wale watu walimnung'unikia Musa na Haruni, kisha wakaambiana wao kwa wao wamweke mtu wa kuwaongoza, wapate kurudi Misri. Walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Mungu hafai kufuatwa. Mwandishi wa zaburi anauliza maswali makali kuliko ya kwao, lakini anamuuliza Mungu mwenyewe, naye habanduki mbele zake mpaka ajibiwe. Hata Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno moja la faraja katika mistari yake ya mwisho, inaanza kwa kumwita BWANA "Mungu wa wokovu wangu". Bibi yule aliiona tofauti hiyo haraka kuliko sisi wazee wa kanisa tuliokuwapo.

Kwetu sisi wakulima, hata hivyo, hakuna aliyesema wazi kama Habakuki. Anaanza kitabu chake kwa kumlalamikia Mungu kwamba analia na hasikilizwi, na anakimaliza kwa orodha ambayo mtu wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la huku kwetu, anaielewa bila kufafanuliwa: mtini usiochanua, mizabibu isiyo na matunda, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kundi. Aliyewahi kuona punje changa za kahawa zikigeuka nyeusi tawini kwa ugonjwa wa chule buni, wakati ada ya mtoto inasubiri mavuno hayo hayo, anajua kwamba nabii hakuwa anapamba maneno. Baada ya orodha hiyo anasema, "Walakini nitamfurahia BWANA." Hakuna mahali anapoahidi kwamba akimfurahia BWANA mtini utachanua. Ndiyo maana nasikitishwa sana na wahubiri wanaowaambia wenye shida kwamba wakitoa sadaka kubwa zaidi mlango utafunguka, na usipofunguka wanaambiwa hawakuamini vya kutosha. Mtu aliyekuja na mzigo mmoja anarudi nyumbani na miwili: shida yake, na hatia ambayo Mungu hakumtwika. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi naye chini bila kusema neno, na walipoanza kumtafutia kosa ndipo walipoharibu. Mwishoni Mungu alisema kwamba hao hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, yule yule aliyekuwa ameilaani siku aliyozaliwa.

Kanisa letu lenyewe limepita katika kuvunjwa moyo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1896 wawili kati yao waliuawa kule Akeri, Meru, walipokwenda kuanza kazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wengi wa waliokuwapo walilazimika kuondoka nchini, na sharika changa zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji ambao hawakujua kama wamisionari hao wangerudi. Walimu hao waliendelea kuwakusanya watu. Sidhani kwamba hawakuvunjika moyo. Nadhani waliendelea hata moyo ukiwa umevunjika, na naomba vijana wetu wafundishwe habari zao katika darasa la kipaimara.

Bado neno moja, ambalo naliona la lazima. Nabii Elia, baada ya ushindi mkubwa juu ya manabii wa Baali kule mlima Karmeli, aliketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Maswali yalikuja baadaye, kule mlima Horebu. Kwa hiyo ndugu anapokosa usingizi wiki nzima, anapoacha kula, au anapotamka kwamba heri afe, tusimpe mistari ya Biblia peke yake tukaondoka. Huyo asiachwe peke yake. Alishwe, na apelekwe hospitali akaonane na daktari, pasipo mtu kumwambia kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Mchungaji aitwe, na wazee tupeane zamu za kukaa naye, usiku na mchana.