Sehemu ya Pili Ilikuwa Kilosa

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: kati ya filamu za maisha ulizotazama karibuni, ipi ungependa itolewe sehemu ya pili, na kwa nini? Nililisoma nikalipita, nikaenda ukurasa wa mapishi, kisha nikarudi. Limenichoma. Mnauliza kana kwamba kila hadithi nzuri ina deni la kuendelezwa. Nitajibu, ila nitaanzia jirani: kwa nini maneno "sehemu ya pili" yananitia hofu tangu nikiwa mwanafunzi. Waliokulia kwenye CD za filamu za Bongo watanielewa bila maelezo mengi.

Mimi si mtu wa filamu. Natazama Jumamosi usiku, nguo za wiki zikishapigwa pasi, kwa flashi anayoniletea wifi yangu. Kinachokuja ndicho ninachotazama, na aghalabu kinanifikia miaka kadhaa baada ya wenye haraka kukisahau. Za ngumi na risasi nawaachia vijana wa nyumba. Nataka za watu wanaodaiwa kodi, wanaouguza, waliozeshwa wasikopenda. Miezi hii zimepita nne ambazo bado nawasimulia watu: Binti ya Seko Shamte, Supa Modo ya Likarion Wainaina, Shimoni ya Angela Wamai, na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji. Mbili za kwetu, mbili za Kenya.

Jibu langu la haraka: hakuna hata moja. Sitaki.

Chukueni Supa Modo, ya mwaka 2018. Jo ana miaka 9 na ugonjwa wake si wa kupona. Tunalijua hilo mapema, hatufichwi. Mama yake anamtoa hospitali amrudishe nyumbani. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji waigize kwamba mtoto ana nguvu za ajabu kama wale mashujaa anaowapenda, na mwisho wanaamua kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Mama anataka mtoto apumzike, dada anataka mtoto acheze, na wote wawili wana haki. Ningekuwa mimi ninayeandika, ningemfanya mama mkali, ningemwaibisha mbele ya kijiji ili watazamaji wapate wa kumlaumu. Hawakufanya hivyo. Yote yamekwisha ndani ya dakika 74. Anayetaka sehemu ya pili ya filamu ile atuambie ataiweka wapi.

Shimoni ni nzito. Geoffrey alikuwa mwalimu, akafungwa, sasa ametoka na anapelekwa kijiji cha Shimoni, na huko anakutana na mtu wa utotoni mwake ambaye hakutarajia kumwona tena. Nilishindwa kuimaliza kwa usiku mmoja. Hakuna anayekueleza kwa mdomo kilichotokea. Unamtazama Geoffrey anavyojikunja, basi, unaelewa. Ilipata nishani ya shaba kwenye tamasha la filamu la FESPACO, kule Ouagadougou, mwaka 2023, na walioipa hawakukosea. Kwa Binti nina manung'uniko: Tumaini, Angel, Stella na Rose, wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na kipande chake, na kila nilipomzoea mmoja nikanyang'anywa nikapewa mwingine. Lakini hata hapo sikutaka CD nyingine. Nilitaka nusu saa zaidi palepale.

Sasa niwaambie ya Morogoro.

Mwaka 2011 ulikuwa wa mgao wa umeme, na wanaoukumbuka hawahitaji nieleze. Tulikuwa tunaishi Kihonda kwa bibi, mama yake mama. Macho yake yalishaanza kumtupa mkono. Alikaa chini mkekani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, na filamu aliitazama kwa masikio. Kazi yetu watoto ilikuwa kumpa yale yasiyosemwa. "Bibi, kamkonyeza." "Nani?" "Shemeji mtu." "Nilijua. Nimemsikia alivyoweka kikombe."

Siku moja mjomba alileta sehemu ya kwanza ya filamu ambayo jina lake sitalitaja. Mnaijua hata msipoijua. Nyumba ya geti, mume ana gari, mke ana kazi ya ofisini, na mdogo wa mke analetwa toka kijijini asaidie nyumbani. CD ilikuwa imechunika. Mjomba aliipaka dawa ya meno, akaifuta kwa pindo la khanga ya mama kuanzia katikati kwenda ukingoni, akairudisha kwenye deki, na bado ilipofika pale mume anaulizwa alikuwa wapi usiku, picha ikavunjika vipande vya miraba, mdomo wake ukabaki wazi, na sauti ikawa "mi, mi, mi, mi". Bibi akasema muacheni, huyo hana la kusema hata ikikaa sawa. Tukaruka mbele. Mwisho wa sehemu ya kwanza dada mtu amesimama mlangoni na karatasi ya hospitali mkononi, karatasi si yake, ni ya mdogo wake, kamera inamsogelea, muziki unapanda, na giza.

Kesho yake nilitumwa kwenye duka la kukodisha CD. Kijana wa dukani akafungua daftari, akapitisha kidole, akaniambia: "Sehemu ya pili amechukua mwalimu mmoja, kaenda nayo Kilosa." Nikauliza atarudi lini. "Mwisho wa mwezi, akija benki." Nikarudi nyumbani na jibu hilo kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Mpaka leo kwetu kitu kikitafutwa kikakosekana, mtu husema kipo Kilosa.

Tukawa tunasubiri. Umeme ukikatika jioni, na ulikuwa unakatika, tunakaa na kandili, na bibi anaimaliza filamu mwenyewe. Usiku wa kwanza alisema dada mtu aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye sidiria, akapika, akapakua, na hakusema neno mpaka mtoto alipozaliwa, akamlea kama wake. Mjomba akakataa. Hakuna mtu anayeweza kunyamaza hivyo. Bibi akamuuliza: "Wewe unawajua wanawake wangapi walionyamaza?" Mjomba hakujibu. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, aliacha kuchambua.

Usiku mwingine akaibadilisha. Safari hii mdogo mtu aliondoka mwenyewe alfajiri. Bibi akamfuata. Alituambia amevaa nini, ndala za nani, beseni limefungwa kwa khanga gani, kondakta alimwambia nini kuhusu lile beseni, alikaa dirishani au njiani. Alimshusha Gairo usiku, na ule upepo wa Gairo, akamkosesha wa kumpokea. Akamtafutia mama muuza chai palepale stendi, akampa stuli ya kukalia mpaka kupambazuke. Jirani wawili walishakuja kuazima moto wakabaki. Mimi nikauliza, "Na mume je, bibi?" Akasema: "Yupo. Anakula." Hakumtaja tena usiku ule, wala zilizofuata.

Nyingine sizikumbuki vizuri, zimeingiliana. Nakumbuka kuna usiku mtoto aliyezaliwa alishakuwa mkubwa, anasoma Mzumbe, na anakuja likizo kwa mama mkubwa wake bila kujua ndiye nani. Nakumbuka mama akilia kimya kimya kwa mtu ambaye hata kwenye CD hayumo.

Mwisho wa mwezi mwalimu akaja benki. Sehemu ya pili ikapatikana, umeme ukawepo, jirani wakaja na watoto wao. Ikaanza. Gari likatoka getini. Mlinzi akafunga geti. Gari likaenda, likaenda, wimbo ukaimbwa beti zote, likafika, geti jingine likafunguliwa. Bibi akauliza, "Sasa linaenda wapi?" Tukamwambia linaegeshwa. Baadaye mdogo mtu akafa uzazi ghafla, mume akagongwa, akakatwa mguu, mke akaenda hospitali kumsamehe, mchungaji akasema maneno, wakashikana mikono, majina yakaanza kupanda. Watu waliinuka bila kuagana vizuri. Bibi akasema, "Huyu hakumaliza. Kachoka." Akaomba akaongozwe kulala.

Sababu yenyewe siku hizi naijua. Ilikuwa biashara ya CD mbili: hadithi iliyotosha saa moja na nusu inavutwa ijae diski mbili, na aliyenunua ya kwanza hana ujanja, lazima anunue ya pili. Ndiyo maana magari yaliegeshwa kwa utulivu ule. Sitaki mtu asome hapa dharau kwa waigizaji wa wakati ule. Kanumba alipofariki Aprili 2012 kwetu vyakula vililala, na bibi ambaye hakuwahi kuiona sura yake vizuri alimlilia kwa sauti yake. Walitupa vya kwao vyote. Mkasi ulishikwa na wengine. CD zikafa, na leo tabia ileile imehamia kwenye tamthilia za kila jioni, za kwetu na zile za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, ambazo hazina hata sehemu ya pili, zina leo na kesho tu.

Basi nilidhani hapa ndipo ningemalizia, na jibu langu lingekuwa "hakuna". Lakini nimeandika habari za bibi kuliko nilivyokusudia, na nikisoma nilichoandika naona kitu ambacho sikukiona wakati naanza. Zile za usiku zilikuwa sehemu ya pili. Na tulizipenda. Bibi hakumfuata mume, hakulipiza, hakumkata mtu mguu. Alimfuata yule ambaye filamu ilikuwa na haraka ya kumtoa.

Ndiyo, kwa hiyo nirudi kwa Vuta N'kuvute niliyoiruka. Tulioisoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano na sita tunaijua Zanzibar ile ya miaka ya 1950, Denge, mpigania uhuru, na karatasi zake za siri, Yasmin aliyeozeshwa mtu wa umri wa baba yake. Filamu ilionyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo nchi hii haikuwa imelifanya tangu filamu ya Maangamizi ya 2001. Rafiki yangu niliyesoma naye analalamika kwamba nusu ya kitabu haimo. Mimi nasema heri wamekata. Kitabu kipo, nani amekikataza kusomwa? Filamu inakwenda polepole, inanong'ona, ina vyumba vya giza na mwanga unaopita dirishani, na sikuona gari likiegeshwa.

Ila Mwajuma. Yasmin anapoikimbia ndoa, mlango unaompokea ni wa Mwajuma, Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe. Anaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab kwelikweli, na kila anapoingia mimi naacha kumtazama Yasmin, sembuse Denge. Mwajuma huyu anawalaza watu kwake, anawalisha, anacheka, anajua zaidi ya anavyosema. Kisha hadithi inawahitaji wapenzi, Yasmin na Denge, na siasa, na yeye anabaki palepale mlangoni. Hatuulizwi anakula nini siku ambayo hana mgeni.

Sisi watazamaji tunajua kilichokuja baadaye, uhuru wa Desemba 1963 na mapinduzi ya Januari 1964. Hayo yana vitabu vyake na mabishano yake. Nisichokijua ni siku hizo zilikuwaje ndani ya nyumba ya mwanamke kama Mwajuma, aliyekuwa ameshapokea watu wa kila kabila na rangi kwenye kitanda kimoja. Nani alibisha hodi? Alimfungulia nani, na nani alimwambia kwa sauti ya chini apite uani?

Hiyo naitaka. Naitaka sana, na nashangaa nimeandika kurasa zote hizi kufika hapa. Lakini kwa masharti. Isiitwe sehemu ya pili wala isiwe na namba. Mtu ambaye hajaiona ya kwanza aweze kukaa akaielewa. Isianze kwa kutukumbusha ya nyuma. Denge akitajwa atajwe tu, yupo. Na kama hela itakosekana mpaka walazimike kumuua Mwajuma kwa homa ya ghafla ili waimalize, basi waache, nitabaki na nilichonacho. Inawezekana pia kwamba ninachokitaka hasa ni kumsikia Siti Amina akiimba kwa muda mrefu zaidi. Hilo nalo mlihesabu.

Mkijumlisha majibu ya wasomaji, niandikeni upande wa wanaotaka. Ila msiniweke fungu moja na watakaoomba Supa Modo iendelee. Hao sikubaliani nao hata kidogo, na nafasi ikiwepo wiki ijayo niko tayari kuwajibu.

Msomaji wenu, Morogoro