Altezza ya kila siku, madigadi mapana na spesa: niliyoyapitia hapa Lubumbashi

Ndugu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una Toyota Altezza RS200, unaitumia kila siku kutoka Ruashi kwenda mjini, jante (rimu) ni zile zile za kiwandani za inchi 17, na umeshalipia vipande vya faiba vya kupanua madigadi kwa sentimita 5 kila upande. Sasa unauliza kama ufunge spesa, vile visahani vya metali vinavyowekwa nyuma ya jante kusukuma gurudumu nje, za milimita 25 mbele na 30 nyuma ili magurudumu yajaze ile nafasi, na kama karoseri ikatwe. Gari kama hilo ninalo tangu 2016, na yote mawili nimeyafanya. Spesa nilizifunga, nikazitoa. Faiba iko juu yake hadi leo.

Nianze na spesa, maana ndizo zilizonitia hofu. Nilinunua seti ya milimita 25, inang'aa vizuri, muuzaji akaniapia inaingia Toyota zote. Matundu 5 ya boliti, kwenye duara la milimita 114.3, yalikaa sawasawa. Ambalo sikulipima ni tundu la katikati. Habu ya Altezza, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ina kipenyo cha milimita 60.1, zile spesa zilikuwa na 73.1, kipimo cha kuuzia magari ya kila aina. Kwa hiyo spesa haikukalia habu hata kidogo, ilishikwa na boliti peke yake. Mjini sikuhisi kitu. Siku nilipochukua barabara ya Kasumbalesa, kufika kilomita 80 kwa saa gari likaanza kutetemeka. Nikasema ni balansi, nitaishughulikia nikirudi. Kabla ya kurudi nikasikia mlio nyuma kushoto, tak, tak, tak, kila nikipunguza mwendo. Nikasimama kando, malori ya shaba yananipita karibu, watoto wangu wawili wamekaa nyuma. Nilipotoa gurudumu nikakuta boliti 2 kati ya 5 za habu zimekatika, na uso wa spesa umejaa unga wa kijivu, chuma kilichokuwa kinasagana. Niliufuta kwa kidole ukabaki kwenye ngozi kama masizi.

Elewa hapo: nati za ndani, zile zinazoishika spesa kwenye habu, huwezi kuziona gurudumu likiwa limefungwa. Zinaweza kulegea wiki nzima wewe unaangalia za nje na kuona zimekaza.

Sisemi spesa zote ni mbaya. Ukizitaka kweli, tafuta zenye tundu la 60.1 kamili, na zenye ukingo mbele wa kuibeba jante nayo. Nyuzi za boliti ziwe M12 kwa 1.5, yaani kipenyo milimita 12 na hatua ya uzi milimita 1.5. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke, kwa sababu punje moja ya kutu inainamisha gurudumu zima. Hakikisha boliti za zamani hazichomozi kupita spesa zikaigusa jante. Kaza kwa spana ya kupima nguvu, nyutoni-mita 103, usikubali ile mashine ya upepo. Baada ya kilomita 100 toa magurudumu, kaza upya za ndani na za nje. Na zile spesa nyembamba zinazochomekwa tu bila nati zake, hesabu mizunguko ya nati kwa mkono: ikishika chini ya mizunguko 8 kwenye boliti hizi, iache.

Lakini kwa hesabu yako huhitaji spesa. Jante ya kiwandani ni 7J, yaani upana wa inchi 7, na ofseti 50, yaani uso unaokalia habu umesogea milimita 50 kutoka katikati ya jante kuelekea nje. Upana wa 7J ni karibu milimita 178, nusu yake 89. Toa 50, ukingo wa nje uko milimita 39 kutoka uso wa habu. Jumlisha 50, wa ndani uko 139. Sasa chukua jante ya 8.5J, ofseti 30: nusu yake ni 108, nje unapata 78, ndani 138. Gurudumu limetoka nje milimita 39, na ndani halijasogea kuelekea shokapu hata kidogo, limeachia milimita 1. Hakuna kipande cha kati, hakuna nati zilizojificha. Mimi nilivalisha tairi za 225/45R17. Ukuta wa tairi ni milimita 101, na kwa mashimo yetu kila milimita ya mpira huo inaiokoa jante.

Usidhani hilo linaondoa kila gharama. Gurudumu likitoka nje, kwa spesa au kwa jante, beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na usukani unavutwa. Utaona kwenye ile mifereji ambayo malori yameichimba katika lami: gari linafuata mfereji, unalishika kwa mikono miwili. Springi nazo zinakuwa kama zimelegea kidogo, gari linakaa chini kuliko ulivyozoea.

Hapo ndipo swali la kukata linapokuja. Usikate kwa kutazama gari limesimama. Toa springi, rudisha shokapu bila springi, weka jeki chini ya mkono wa chini wa saspensheni na upandishe gurudumu mpaka raba ya kikomo ibonyee. Kabla ya hapo bandika vipande vya udongo ule wa watoto wa shule kwenye ukingo wa digadi. Mbele zungusha usukani mwanzo mpaka mwisho. Shusha, kata udongo kwa wembe, pima unene uliobaki. Mimi nataka milimita 8 zibaki. Nyuma utashangaa kidogo, kwa sababu kwenye Altezza gurudumu likipanda kichwa chake kinalala ndani, kwa hiyo pengine utakata kidogo kuliko anavyotaka toliye, fundi wa bodi. Mimi sikupima hivyo mara ya kwanza. Gari tupu halikugusa popote. Nilipopakia watu wanne na mifuko 2 ya unga ya kilo 25, tairi likakwangua kwenye kivuko cha reli.

Nyuma, digadi ni mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyoungana ukingoni. Ukikata ukingo, yanaachana. Lazima yachomelewe tena mzunguko mzima, yapakwe praima, kisha silanti. Fundi wangu wa kwanza alichomelea nukta chache, akafunika kwa mastiki, akapiga rangi. Ilipendeza mpaka mvua za Novemba. Nilifungua buti nikakuta tairi la akiba limekaa ndani ya maji mekundu.

Faiba ifungwe kwa skrubu, na ukanda wa raba kati yake na bodi. Wengi wataka kuunganisha kwa mastiki ionekane kama kitu kimoja. Bati na faiba havinyumbuki sawa, ufa utajichora kwenye ule mstari, na siku ukigonga bajaji huwezi kutoa kipande kimoja ukakiziba kwa rezini. Chini ya kila kipande acha tundu la kutolea matope. Wakati wa mvua mimi naingiza mpira wa maji mle kila Jumapili, na matope yanayotoka yanajaza karai.

Fanya kipimo cha udongo kwanza. Kisha tuma hapa picha ya vile vipande vilivyobonyea, mbele na nyuma, pamoja na unene wake, tuone kama digadi la nyuma linahitaji kuguswa.