Wiki ya nane na eksirei bado inaonyesha ufa: je, mfupa hauungi?

SWALI: Habari daktari. Nina miaka 34. Nilianguka na bodaboda nikavunjika mfupa wa ugoko, katikati, ngozi haikupasuka. Nimefungwa hogo, na hii ni wiki ya nane. Eksirei bado inaonyesha mstari mweusi pale palipovunjika. Shemeji yangu alivunjika mkono karibu na kifundo akafunguliwa wiki ya sita. Nyumbani wanasema nifungue, nikandwe kwa maji ya moto na ninywe supu ya makongoro. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana kwa ajali, ndugu yangu. Usifungue. Kwa maelezo yako hujachelewa: mfupa wa ugoko wa mtu mzima kwa kawaida huhitaji wiki 12 hadi 16 ndipo ushike, na wengine hufika 20. Wa shemeji yako ni mfupa mwingine, na mazingira yake ni tofauti.

Papasa ugoko wa mguu wako usiovunjika, upande wa mbele kwa ndani. Ni ngozi, kisha mfupa, hakuna nyama. Mfupa uliovunjika hujengwa kwa damu, na damu hiyo hutoka kwenye nyama zinazouzunguka na kwenye mshipa unaopita ndani, kwenye uboho. Ugoko ukivunjika, mshipa wa ndani mara nyingi hukatika, na nyama nyingi ziko upande wa nyuma tu. Ndiyo maana unakwenda polepole.

Sasa huo mstari mweusi. Siyo pengo tupu. Siku ile ile damu iliganda pale. Baada ya wiki mbili tatu seli zikabadilisha bonge hilo kuwa nyuzi za kolajeni, yaani protini, na gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio. Gegedu halina kalsiamu ya kutosha, na eksirei huonyesha mfupa kwa sababu ya kalsiamu yake. Kwa hiyo daraja linaweza kuwa limeshajengwa na picha isilione. Kalsiamu ikianza kuingia, utaona kama wingu jeupe linazunguka ufa. Wingu hilo ndilo la kutafuta, kwa sababu mstari wenyewe unaweza kubaki miezi mingi hata kwa mtu anayetembea.

Kukandwa ndiko kunakonitia hofu. Daraja la gegedu huvumilia kugandamizwa kwa wima, tena mgandamizo mdogo hulisaidia kukomaa. Halivumilii kusokotwa wala kusukumwa kando. Nyuzi huchanika na kazi inaanza upya. Mikono inayochua hufanya hasa hayo. Ukigusa kinundu kigumu pale palipovunjika, hilo ni donge la kuunga. Liache.

Mwulize daktari wako kama umeruhusiwa kukanyaga. Akikubali na kukutajia kilo, tumia mizani ya kupimia uzito: simama na magongo, weka mguu mbovu juu ya mizani, kandamiza hadi kilo 15 au 20, kiasi alichokutajia. Rudia mpaka mguu uzoee uzito huo, kisha tembea hivyo hivyo. Ongeza kila wiki kwa kadiri utakavyoelekezwa. Maumivu makali pale pale kwenye ufa maana yake umezidisha. Vidole vichezeshe kila saa.

Supu ya makongoro inywe kama unaipenda, lakini kalsiamu hubaki kwenye mfupa ule unaoutupa. Mwili wako unataka miligramu 1,000 hivi kwa siku: glasi ya maziwa ina karibu 300, na dagaa wanaoliwa na miiba yao ni bora sana. Ongeza mayai na maharage, maana kolajeni ni protini. Kama unavuta sigara, acha leo; huchelewesha ugoko kuliko kosa lolote la chakula. Na kama hujapima sukari, pima.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vina ganzi. Au maumivu yanazidi licha ya dawa, hasa mtu akikunyoosha vidole. Au kigimbi kinauma na kuvimba au kifua kinabana. Au hogo linatoa harufu au majimaji. Hogo lililolegea hadi mguu unateleza ndani nalo halifai. Uvimbe ukipungua hogo hupwaya, na mfupa hupinda taratibu bila wewe kujua. Libadilishwe.

Wiki ya 12 piga eksirei mbili, ya mbele na ya ubavuni. Kila moja ina kingo mbili za mfupa, jumla nne. Mwombe daktari akuonyeshe ngapi zimevukwa na mfupa mpya: zikiwa tatu, nawe hupati maumivu ukikanyaga, mfupa umeunga. Kama kufikia wiki ya 20 hakuna hata moja, mwulize kuhusu upasuaji wa kuweka chuma ndani ya uboho, na kama utahitaji kupandikizwa mfupa kutoka nyongani.