Kabla hujagusa artemisinin, anza na haidrojeni

Wadogo zangu mnaosoma kemia huku Kisumu, Maseno na Kakamega, mnaniuliza sana kama mtu anaweza fanya kwantam kemia, yaani kupiga hesabu za elektroni za molekuli kwa kompyuta, bila maabara. Anaweza. Mimi kazi naifanyia kwa meza ya chakula hapa Kondele, leptopu moja tu, na programu kama PySCF na Psi4 ni za bure kabisa.

Lakini sikieni hii. Nikianza masta nilirukia artemisinin moja kwa moja, ile dawa ya malaria, maana huku kwetu kila nyumba imewahi uguza malaria na nilitaka sana kusaidia. Atomu 42. Siku ya tatu hesabu bado inaenda, stima ikapotea, na sikuwa nimeseti faili ya kuendelezea (wekeni hiyo faili jamani, kila mara). Nikarudia yote kwa njia rahisi inaitwa Hartree-Fock, nikapata namba ya nguvu ya molekuli, nikampelekea prof. Hakuiangalia. Akauliza tu, "Haidrojeni inakupa ngapi?" Nikanyamaza.

Usiku huo nikakaa na H2, molekuli ya haidrojeni, atomu mbili na elektroni mbili tu, nikianzia umbali wa angstromu 0.74 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) nikizivuta atomu zile pole pole, kila namba naandika kwa daftari. Hartree-Fock ikanipa nguvu ya bondi, yaani nishati ya kuzitenganisha hizo atomu, kama elektronivolti 3.6, na ya ukweli ni 4.75. Imekosa zaidi ya moja, kwa molekuli ndogo kuliko zote! Ni kwa sababu inachukulia kila elektroni inaona wastani tu wa mwenzake, na kumbe hizi vitu zinakwepana kila saa kama boda boda za Kibuye. Sasa artemisinin inategemea bondi ya oksijeni kwa oksijeni ndio ifanye kazi, na bondi za aina hiyo ndizo Hartree-Fock huzikosea vibaya. Namba yangu ilikuwa bure.

Na usiseme basi natumia CCSD(T), njia sahihi zaidi inayohesabu huko kukwepana, kwa kila kitu, kwa hiyo njia molekuli ikiwa kubwa mara mbili kazi inapanda mara 128. Molekuli nzima ifanyie DFT, njia nyepesi inayohesabu kwa msongamano wa elektroni, ile iliyompa Walter Kohn Nobel 1998, lakini kwanza chukua kitu kidogo chenye bondi hiyo hiyo, haidrojeni peroksaidi inatosha, ukifanyie njia zote mbili, DFT na CCSD(T), uone DFT yako inapotea kiasi gani.

Mkimaliza H2 yenu njooni na daftari, tutaangalia pamoja.