Kabla ya Kuilaumu Kingamwili ya ERK Yenye Fosfeti, Chunguza Sampuli Yako

Kwa wiki tatu niliamini kwamba kingamwili yangu ya kutambua ERK (protini inayopitisha ishara ndani ya seli) iliyotiwa fosfeti ilikuwa mbovu. Nilikuwa nikifanya western blot, ambapo protini hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili huzionyesha kama mistari. Mara utando ulitoka mtupu, mara mistari ilijitokeza hata kwenye seli ambazo sikuwa nimezichochea kwa chochote. Niliporudia kazi hatua kwa hatua, nilibaini kwamba makosa yote mawili yalikuwa yamekwisha kutokea kabla sijafungua kichupa cha kingamwili.

Kingamwili ya aina hii haiitambui ERK popote inapoikuta. Hushika kipande kidogo cha protini hiyo pale tu ambapo threonini ya 202 na tirosini ya 204, kwa hesabu ya ERK1 ya binadamu, zimebeba fosfeti. Fosfeti hizo huwekwa na kinazi (kimeng'enya kinachotia fosfeti) iitwayo MEK na kuondolewa na vimeng'enya viitwavyo fosfatazi, na fosfatazi haziachi kazi kwa sababu wewe umezipasua seli. Ukiacha sampuli mezani kwa dakika chache bila barafu wala vizuizi vya fosfatazi, unachokipima si hali ya seli ilivyokuwa, bali ni mabaki yake.

Kwa hiyo mimi sasa huweka sahani juu ya barafu mara tu muda wa kuchochea unapokwisha, huziosha seli kwa bafa (mmumunyo unaodhibiti pH) baridi, kisha huzipasua kwa bafa niliyoiongezea vizuizi siku hiyohiyo: floridi ya sodiamu kwa ajili ya fosfatazi za serini na threonini, na othovanadati ya sodiamu kwa zile za tirosini. Hapo kwenye othovanadati ndipo nilipokosea. Nilikuwa nikitumia mmumunyo wenye rangi ya njano, nikidhani ndivyo unavyopaswa kuwa, kumbe rangi hiyo huonyesha kwamba molekuli zimeungana na haziwezi kuzuia fosfatazi ipasavyo. Mmumunyo hurekebishwa hadi pH 10, huchemshwa mpaka uwe mweupe kama maji, huachwa upoe, kisha pH hupimwa na kurekebishwa tena, na zoezi hilo hurudiwa mpaka rangi isirudi. Tazama kichupa chako leo. Ikiwa kina unjano, anzia hapo.

Mistari katika seli zisizochochewa ilikuwa na sababu nyingine. Seramu iliyomo katika kiowevu cha kukuzia seli huiwasha njia ya ERK, na hata kubadilisha kiowevu hicho muda mfupi kabla ya jaribio huweza kuiwasha. Ninaziacha seli bila seramu usiku kucha, kisha naongeza EGF (protini inayochochea ukuaji wa seli) kwa ujazo mdogo bila kumwaga kiowevu kilichomo. Katika seli nyingi ishara huwa kali ndani ya dakika 5 hadi 10, halafu hushuka, kwa hiyo anayesubiri saa nzima anaweza kukosa kila kitu.

Kuhusu maziwa ya unga, yanayotumika kufunika sehemu tupu za utando ili kingamwili isishike ovyo, wengi huyakataza kwa sababu kaseini, protini ya maziwa, nayo ina fosfeti. Kwa maoni yangu katazo hilo lina uzito zaidi kwa kingamwili zinazoshika tirosini yoyote yenye fosfeti kuliko kwa zile zinazolenga sehemu moja mahususi, lakini bado natumia albumini ya asilimia 5 katika bafa ya Tris yenye Tween, kwa kuwa weusi wa utando hupungua.

Usiamini mstari wowote, hata ukikaa sawasawa kwenye kilodaltoni 42 na 44 (uzito wa ERK), kabla hujaufuta kwa makusudi. Chukua sampuli iliyochochewa, itie fosfatazi ya lamda, na mstari utoweke huku ERK yote kwa jumla ikibaki palepale. Sampuli hiyo lazima iandaliwe bila vizuizi vya fosfatazi na bila EDTA, ambayo hunasa metali, kwa sababu fosfatazi hiyo huhitaji manganizi. Kwa upande wa ERK ya jumla, napendelea kutumia jeli ya pili iliyopakiwa sampuli zilezile kuliko kuuosha utando ili kuondoa kingamwili ya kwanza, kwani kuosha huko huondoka na sehemu ya protini yenyewe na kuupotosha uwiano unaoutafuta.